Diski Haichagui

Siku ya Jumatatu kompyuta ya Felisita ilianza kugonga. Tka, tka, tka, kama mtu anayepiga hodi kwa ukucha, inanyamaza, halafu inagonga tena. Felisita akaipiga kofi la ubavuni kama alivyozoea, na kioo chote kikageuka bluu. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakainuka kutazama. Mmoja akasema labda iombewe.

Haikuwa kompyuta ya kuchezea. Felisita alikuwa ameiweka chumba cha mbele cha nyumba yao, Mtaa wa Lamboni, pembezoni mwa mji wa Bariadi, akaandika ukutani kwa rangi ya kijani FELISITA STESHENARI, na kwa miaka tisa mtaa mzima ulikuwa umeandikwa humo. Ofisi ya mtaa nayo ilikuwa na kompyuta yake. Ilipokelewa kwa sherehe, utepe ukakatwa, soda zikanywewa, na tangu siku hiyo ilikaa juu ya meza ya Mtendaji imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu haikuja na waya wa umeme. Mtendaji aliandika barua ya kuomba waya. Barua hiyo aliichapisha kwa Felisita.

Basi mihtasari ya vikao, mitihani ya shule, ratiba za misiba na matangazo ya kanisa vyote vilipita mikononi mwake, naye hakuwahi kufuta kitu. "Ukifuta leo, kesho mwenyewe anarudi analia," alikuwa akisema. Mumewe, Ndalahwa, hakujua hata kuiwasha ile mashine, lakini heshima yake aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Kwenye mikutano aliwekewa kiti cha plastiki chenye mikono, mstari wa mbele. Aliteuliwa kwenye kamati mbili, na hadi leo hakuna aliyemweleza kazi ya hata moja, wala yeye hakuuliza.

Jioni ile Felisita alimwita Winnie, binti kutoka Maswa mwenye banda la ufundi sokoni. Winnie alifungua mashine, akaitegea sikio kama nesi, akakunja uso.

"Mama Goodness, diski hii inakufa."

"Inaumwa au inakufa?"

"Inakufa. Ukiizima na kuiwasha mara tatu nne zaidi, haiamki tena."

Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni. "Si uweke mpya tu? Mbona jambo dogo!"

"Nikiweka mpya, baba, itakuwa tupu. Hii programu inayoendesha mashine yenu kubwa ya fotokopi aliiweka nani?"

"Fundi mmoja, alishahamia Nyashimo," Felisita alijibu.

"Na CD yake?"

"Aliondoka nayo."

"Basi njia ni moja. Tunanunua diski mpya, nanakili mfumo wote kama ulivyo, kutoka hii kwenda ile. Windows yenyewe, programu zote, mafaili yote, mpangilio wote. Siku ukiwasha, kompyuta yenyewe haitajua kama imehama."

"Huwezi kuchagua yale ya maana?" Ndalahwa aliuliza.

"Hapa hakuna kuchagua. Mashine inasoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho, inaandika kila inachokikuta. Haijui barua ya mtendaji wala picha ya harusi."

Diski mpya ilikuwa shilingi elfu tisini, na ingetoka Mwanza kwa basi. Felisita alitoa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Ndalahwa alitoa ushauri.

Kisha akaenda kunyoa ndevu. Pale kwa kinyozi, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kioo kilikuwa kikubwa, alieleza jambo lile kitaalamu. "Inahamishwa yote," alisema, povu likiwa kidevuni. "Kila kitu kilichowahi kuandikwa. Hata yaliyofutwa yanafufuka." Kabla povu halijakauka, habari ilikuwa imevuka barabara.

*

Jumanne asubuhi, mgeni wa kwanza alikuwa Mzee Luhaga, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata siku ya kupalilia pamba.

"Mwangaluka, mayu," aliamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Alitazama nje, akarudisha mlango nusu. "Unakumbuka mwaka juzi, kaka yangu Thomasi alipozidiwa?"

Felisita alikumbuka. Thomasi alikuwa hajitambui hospitalini, na Luhaga, kwa kutotaka kukutwa hana maandalizi, alikuwa amechapisha wasifu wa marehemu kurasa mbili. Ulieleza kwamba marehemu ameacha mjane, watoto sita na ng'ombe arobaini, na kwamba kwa wosia wake wa mdomo ng'ombe hao wangesimamiwa na mdogo wake mpendwa Luhaga. Siku ya tatu marehemu alifumbua macho, akaomba ugali.

"Ule wasifu usihame," Luhaga alinong'ona. "Thomasi siku hizi anatembea mpaka huku."

"Baba, fundi anasema diski haichagui."

"Mwambie ni jambo la kanisa."

Nusu saa baadaye akaja Mwalimu Januarius, mkuu wa shule binafsi iliyo nyuma ya soko. Huyu alikuwa amechapisha vitu viwili siku moja: tangazo la kuwaalika wazazi walete watoto kwenye shule yenye mazingira bora na vyoo vya kisasa, na barua yake mwenyewe ya kuomba kazi shule nyingine, kwa sababu hapa alipo hakuna vyoo. Alitaka kimoja kati ya hivyo kipotee. Alipoulizwa kipi, alifikiri sana, akasema vyote viwili.

Mchana ndipo alipofika Nyanjige. Alikuwa mjane wa upande wa chini wa mtaa, mwenye ng'ombe saba, na alikuwa amebeba maziwa kwenye chupa ya soda, maana hakupenda kuomba bure.

"Mhola, mayu?"

"Mhola duhu. Kaa, mama."

"Nataka barua. Ijumaa inakuja kamati kutoka juu, inasikiliza habari ya lambo. Wanasema tusije mikono mitupu."

Lambo lile ndilo lililoupa mtaa jina. Ng'ombe wote wa upande wa chini walinywa humo. Miezi minne iliyopita Mtendaji aliitisha mkutano, akaeleza kwamba amepatikana mwekezaji wa kufyatua matofali, mwenye kutaka lambo na ardhi inayolizunguka, azungushe uzio. Mwekezaji huyo alikuwa shemeji yake, lakini hilo halikuwamo kwenye ajenda. Watu wakakataa. Mwezi uliofuata uzio ukaanza kuchimbiwa, na walipouliza, wakaoneshwa muhtasari wenye muhuri: wananchi waliridhia kwa kauli moja.

"Mimi nilikuwepo," Nyanjige alisema. "Nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Tukaomba daftari la mkutano, lile la mkono. Mtendaji anasema limeliwa na mchwa."

Mchwa wa ofisi ile walikuwa wasomi. Walikula daftari moja, wakaacha kabati.

Felisita hakumtazama usoni. Kompyuta ilikuwa imezimwa, ikabidi amwandikie kwa kalamu. Aliandika polepole, barua ya ukurasa mmoja, na kila mara mama yule alipotamka neno "tulikataa" mkono wake ulisita. Mihtasari yote miwili alikuwa ameichapa yeye. Wa kwanza, asubuhi baada ya mkutano, ulisema wananchi wamekataa. Wa pili Mtendaji aliuleta majuma matatu baadaye, akaketi kando yake mpaka ukaisha. Felisita aliuhifadhi kwa jina alilotajiwa: MUHTASARI LAMBO MPYA SAHIHI.

Alipomaliza barua alikataa maziwa. Nyanjige akayaacha mezani, akaenda.

*

Wakati wa chakula cha mchana Felisita alimweleza mumewe. Ndalahwa akaacha tonge hewani.

"Wewe ulichapa tu. Mashine ya kusaga inaulizwa mahindi ni ya nani?"

"Mimi si mashine ya kusaga, Baba Goodness. Nilikuwa nasoma kila mstari."

"Ulisoma, ukanyamaza. Sasa endelea kunyamaza. Tunakula kwa hawa watu."

"Na yule mama ng'ombe wake watakunywa kwa nani?"

Ndalahwa alimeza tonge, akasema mchicha umezidi chumvi.

*

Diski ilifika Jumatano kwa basi la asubuhi. Winnie alikuja na kompyuta yake ya mpakato, kifaa cha kushikilia diski mbili sambamba, na betri kubwa ya sola yenye inveta, ambayo aliisukuma kwa toroli tangu sokoni.

"Umeme upo, betri ya nini?" Ndalahwa alimuuliza.

"Diski mgonjwa siisomi kwa waya wa ukutani, baba. Mtu akijikwaa tu, nimeua."

Aliweka betri chini ya meza, akachomeka diski zote mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Asilimia moja. Diski ya zamani ikagonga, ikanyamaza, ikaendelea. Ilipofika saa sita ilikuwa asilimia arobaini, na chumba kilikuwa kimejaa watu wasio na la kuchapisha. Luhaga alikuwa kwenye benchi akisoma Biblia ukurasa mmoja tangu asubuhi. Januarius alisimama pembeni, akisema amekuja kujifunza teknolojia.

Saa saba akaingia Mtendaji mwenyewe, Bwana Mayunga, mfuko wa shati umejaa kalamu. Ndalahwa alimpa kiti, akakifuta kwanza kwa kiwiko.

"Mama Goodness, pole na matatizo ya mitambo," alisema Mayunga. "Ofisi yangu imeguswa. Nimekaa nikasema, mama huyu ametumikia mtaa, kwa nini ateseke na chakavu? Ofisi itakupa kompyuta. Ile iliyoko mezani kwangu. Mpya, haijawahi kuwashwa."

"Haina waya, Mtendaji."

"Waya utapatikana. Uanze upya, usafi mtupu. Hii sasa izimeni."

"Ikizimwa sasa haiwaki tena," Winnie alisema bila kugeuka. "Na nusu ya kazi si kazi. Diski mpya haitafunguka."

"Binti, wewe ni mkazi wa hapa?"

"Ni mkazi wa Maswa."

"Basi haya ni ya wakazi." Akarudi kwa Felisita, sauti ikashuka. "Mama, leseni yako inaisha mwezi huu, sivyo? Na lile bango lako la ukutani, rangi ile ina kibali? Mimi sijawahi kuuliza. Nimekuwa mtu mzima."

Felisita alihisi masikio yake yakipata moto. Benchi zima lilikuwa linasikiliza. "Nitalipia leseni, Mtendaji."

"Mke wangu," Ndalahwa alisema kwa sauti ya kuomba, "mtu mkubwa amekuomba kitu kidogo."

"Asilimia sitini na mbili," alisema Winnie.

Mayunga aliinuka. Alijinyoosha, akaangalia saa, akasema basi yeye anakwenda. Chumba kilikuwa kikubwa, mlango ulikuwa wazi kushoto kwake, lakini alipita kulia, nyuma ya meza, mahali ambapo waya mmoja mweusi ulitoka kwenye soketi ya ukutani. Mguu wake ukaunasa, ukavuta kwa nguvu, plagi ikachomoka.

"Yarabi, samahani!" alisema, kabla ya mtu yeyote kusema lolote.

Luhaga akafumba Biblia. Januarius akashusha pumzi iliyosikika chumba kizima. Ndalahwa alishika kichwa, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kwa huzuni.

Feni ya darini ilizunguka mara tatu, ikasimama.

"Huo ni wa feni," Winnie alisema. "Sisi tuko kwenye betri. Asilimia sitini na tatu."

Mayunga alisimama palepale, waya umemzunguka kifundo cha mguu, jasho likianza kumtoka kwenye paji. Felisita ndiye aliyeinama kumfungua. Alipokuwa pale chini, mbele ya watu, mkononi akiwa ameshika kiatu cha mtu aliyetaka kumuulia kazi ya miaka tisa, hofu aliyokuwa nayo tangu Jumanne ilimtoka, na mahali pake pakaingia aibu ya ule muhtasari wa pili. Akaurudisha ule waya kwenye soketi.

"Mtendaji, kaa upate upepo," alisema. "Imebaki kidogo."

Hakukaa. Saa tisa na dakika kumi mstari wa kijani ulifika mwisho. Winnie aliifunga diski mpya ndani ya kompyuta, akabonyeza. Ikawaka kimya, haigongi, na pale kwenye kioo vitu vyote vilikuwa mahali pake: mitihani, marehemu aliye hai, vyoo vilivyopo na visivyopo, na mihtasari miwili ya lambo ikifuatana.

*

Ijumaa kamati ya watu watano ilikaa kwenye darasa la shule. Mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti. Nyanjige alitoa barua yake ya mkono. Mayunga alitoa muhtasari wenye muhuri. Mwenyekiti akauliza kama kuna ushahidi mwingine, na Felisita akasimama akiwa na karatasi sita mkononi.

Mwenyekiti alisoma muhtasari wa kwanza, akasoma wa pili, akaurudia wa kwanza. "Hii yote imetoka kwako?"

"Ndiyo. Wa kwanza una tarehe ya kesho yake baada ya mkutano. Wa pili umeandikwa siku ishirini na mbili baadaye."

Mayunga alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, kompyuta ile ilikuwa mgonjwa. Mgonjwa huweweseka. Tena juzi imehamishwa diski, tarehe zimechanganyikana."

Winnie, aliyeletwa kama shahidi, aliruhusiwa kujibu. "Ningehamisha faili moja moja, tarehe zingine zingeweza kubadilika. Ndiyo maana nilinakili diski nzima. Kila kitu kimekuja na tarehe yake."

"Mama Felisita," mwenyekiti alisema, "ulipochapa wa pili ulijua ni wa uongo?"

"Nilijua."

"Ulilipwa?"

"Elfu sita. Kurasa tatu."

"Ndiyo bei yako?"

"Bei yangu ni elfu moja kwa ukurasa."

"Na ile elfu moja ya ziada kwa kila ukurasa ilikuwa ya nini?"

Nyanjige alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yamemgusa kidevu kwa sababu dawati lilikuwa la darasa la kwanza, naye alikuwa anamtazama.

"Ya kutouliza," Felisita alisema.

Alitembea kurudi nyumbani peke yake. Ndalahwa alikuwa ametoka kwa mlango mwingine.

*

Matokeo yalikuja kwa utaratibu wa serikali, yaani polepole na kwa nakala. Uzio ulisimamishwa, mkutano mpya ukaamriwa. Mayunga alihamishiwa kwingine kwa manufaa ya umma, akafanyiwa sherehe ya kuagwa, akapewa mbuzi na cheti cha uadilifu. Felisita alipewa onyo la maandishi kwa kushiriki kughushi, akaambiwa alichape mwenyewe, alete nakala tatu.

Kazi ilipungua. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja aitwaye Shija alifungua steshenari mpya, na mlangoni akabandika tangazo: HAPA TUNAFUTA PAPO HAPO. Ilijaa watu wa heshima. Mwalimu Januarius alikuwa mteja wa kwanza. Kamati mbili za Ndalahwa zilimsahau bila barua, na kwa majuma mawili alimsemesha mkewe kwa habari za chumvi na mkaa tu. Siku moja alirudi kutoka kwa kinyozi nusu ya uso haijanyolewa.

"Wamesema nini?" Felisita aliuliza.

"Wamenicheka."

"Kwa sababu yangu?"

"Hapana. Kuna mtu kanisifu kwa ajili yako, nikaitikia kama kawaida yangu. Akaniuliza, wewe Ijumaa ile ulikuwa umekaa upande gani?" Akajipapasa upande wenye ndevu. "Nipe wembe, nimalizie mwenyewe."

*

Mkutano mpya ulifanyika kando ya lambo, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mtendaji mpya, kijana aitwaye Paschal, alitaka kuandika kwenye daftari, lakini watu walikataa daftari. Walitaka ichapwe hapohapo, mbele yao, isomwe. Winnie akaleta mpakato wake, Felisita akawekewa meza. Kioo hakikuonekana kwa mwanga. Ndalahwa, bila kuombwa, alifungua mwavuli mkubwa, akasimama nyuma ya mkewe, akaushikilia kwa mikono miwili kwa sababu upepo wa lamboni ulikuwa unataka kuunyakua.

Wanaokataa wakanyoosha mikono, wakahesabiwa: mia moja arobaini na tatu. Wanaokubali: wawili, shemeji yake Mayunga na mkewe.

"Andika wananchi wamekataa kwa kauli moja," Paschal alisema.

"Hapana," Nyanjige alisema. "Wawili wamekubali. Waandikwe wawili."

"Mama, kwenye watu wote hawa, wawili ni nini?"

"Juzi sisi sote tulikuwa si kitu. Andika wawili."

Felisita akaandika wawili. Kisha akasimamisha vidole. "Waliojiandikisha ni mia moja arobaini na sita, mimi mwandishi simo. Mmoja yuko wapi?"

Watu walitazamana, wakaanza kuhesabiana tena. Halafu macho yakapanda, moja baada ya jingine, mpaka kwenye mwavuli.

"Mikono yangu ilikuwa na kazi," Ndalahwa alisema.

Kicheko kilitoka upande wa chini mpaka wa juu, na ng'ombe waliokuwa majini wakainua vichwa. Ndalahwa naye akatabasamu kidogo, bado ameushikilia. Paschal akasema jambo hilo ni dogo, lirukwe.

"Halirukwi," Felisita alisema. Akachapa, akageuza kioo upande wa watu, akasoma kwa sauti:

"Mmoja hakupiga kura kwa sababu alikuwa amemshikia mwandishi mwavuli."

Akamgeukia mumewe. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Ndalahwa alisema. "Lakini kama mtasubiri niufunge, nina mkono wa kunyoosha."

Wakasubiri.